Fataki wa Kwenye Simu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi, Walezi na Vijana

Maswali haya nimeyaokota kwenye vikao vya wazazi, kwenye foleni za kuchukulia ripoti shuleni, na mengine yalikuja usiku kwa ujumbe kutoka kwa vijana wenyewe. Mwenye dharura asipoteze muda kusoma yote. Ateremke hadi swali la kijana anayetishiwa, au apige 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto, sasa hivi.

Huyu fataki wa mtandaoni ni nani hasa?

Waliosikiliza redio Tanzania mwishoni mwa miaka ya 2000 wanamkumbuka Fataki wa matangazo: mtu mzima mwenye hela anayewanyemelea wasichana wa shule kwa lifti, zawadi na maneno matamu. Kenya wanamwita sponsa. Huyu wa simu ni yule yule, gari tu ndilo limetoweka. Lifti imekuwa bando la wiki. Chipsi zimekuwa almasi za gemu la Free Fire au hela ya saluni inayoingia kwa M-Pesa.

Tofauti yenyewe iko hapa: fataki wa kituoni alionwa na konda, na muuza karanga, na shangazi aliyekuwa anapita. Wa simu anaingia chumbani kwa mtoto saa nne usiku, mama yuko sebuleni anaangalia tamthilia. Tena anaweza kuwa anaongea na watoto hamsini kwa wakati mmoja.

Si ni watu wa mbali tu, wasiotujua?

Wa mbali wapo. Oktoba 2024, mahakama ya Ireland ya Kaskazini ilimhukumu kifungo cha maisha kijana wa miaka 26, Alexander McCartney, baada ya kukiri makosa 185. Alijifanya msichana kwenye Snapchat, akapata picha za wasichana halisi, kisha akawatishia ili watume zaidi. Polisi walikadiria watoto wapatao 3,500, katika nchi 30. Kwa muda wote huo hakuwa na haja ya kutoka nyumbani kwao.

Lakini sisi tunapenda kumtazama mtu wa mbali kwa sababu hatuna undugu naye. Utafiti uliofanywa na UNICEF, ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono kwa watoto) na INTERPOL katika nchi kadhaa, zikiwemo zetu, ulikuta kwamba mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu. Kwa Tanzania ulikadiria kuwa angalau asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa unyanyasaji mkubwa wa namna hii katika mwaka mmoja, yaani kama watoto 200,000. Kwa Kenya ilikuwa kati ya asilimia 7 na 13.

Kwa hiyo ule wosia wetu wa "usiongee na usiowajua" unafunga dirisha na kuacha mlango wazi. Mwalimu wa tuisheni, rafiki wa kaka, kiongozi wa kwaya, fundi simu aliyeachiwa simu na nywila yake: hao wote mtoto anawajua, na namba zao mara nyingine tumewapa sisi wenyewe.

Anaanzaje? Mtoto wangu si mjinga.

Hakuna aliyesema ni mjinga. Hata watu wazima wenye shahada wanatapeliwa kila siku kwa "tuma kwenye namba hii".

Anaanza na sifa ndogo, chini ya picha au video: umependeza, una kipaji, unachora vizuri. Halafu yanakuja maswali yanayoonekana ya kawaida. Simu ni yako au ya mama? Unalala na nani chumbani? Baba yupo au amesafiri? Mtoto anadhani anajuliwa hali, kumbe nyumba inapimwa. Ukimfundisha mwanao jambo moja tu kutoka kwenye ukurasa huu, mfundishe kuyatambua maswali hayo. Mtu mwema hana haja ya kujua simu inashikwa na nani saa tano usiku.

Baada ya hapo anamhamisha. "Huku TikTok sionekani sana, nipe namba ya WhatsApp." Kisha anawasha ujumbe unaojifuta. Zawadi inafuata, ndogo ndogo, ili mtoto awe na deni. Halafu siri: "Hili libaki kati yetu, wengine watatuonea wivu." Na hapo ndipo kazi kubwa inafanyika, ya kumtenga mtoto na wa kwao. Akilalamika kuwa mama kamfokea, yule anamwambia mama yako hakuelewi, mimi ndiye nakuelewa. Ombi la picha linakuja mwisho, na ya kwanza huwa ya kawaida kabisa. Ikishatumwa isiyo ya kawaida, sauti inabadilika siku hiyo hiyo.

Mwendo huu unaweza kuchukua miezi, au saa mbili. Wanaotafuta pesa hawana subira.

Nitaona dalili gani?

Simu inageuzwa kifudifudi ukipita. Bando halimwishii na hela hukumpa. Kuna viatu au simu ya pili ambayo "nimeazimwa na rafiki". Usingizi umepungua, darasani anasinzia, hasira zimekuja ghafla au kimya kimezidi. Kila moja ya hizo inaweza kuwa ujana tu. Ujana nao una mambo yake. Zikija tatu kwa pamoja, kaa naye.

Nikague simu yake kwa siri?

Kwa mtoto wa miaka tisa hakuna siri ya kuzungumzia. Simu ni yako, umemwazima, na ajue hivyo. Kwa wa miaka kumi na sita mimi nasita. Atajua, maana wanajua simu kuliko sisi, na siku hiyo atafungua akaunti ya pili ambayo hutaiona kamwe. Mkubaliane mapema: simu hulala sebuleni ikichajiwa, na tukiona jambo la kutia shaka tunaangalia pamoja, wewe ukiishika. Ila kama una sababu ya kuamini yuko hatarini leo, angalia leo. Lawama mtazimaliza baadaye.

Nimegundua mtoto ametuma picha. Nimchape? Nimnyang'anye simu?

Najua mkono unawasha. Lakini fikiria yule mtu amemwambia nini mtoto wako wiki zote hizi: ukisema kwenu watakuua, watakufukuza, hawatakulipia tena ada. Ukiingia na mkanda mkononi, umethibitisha kila alichosema. Kesho akitishiwa tena hatakuja kwako. Ataendelea kutuma.

Utafiti ule niliotaja ulikuta kuwa wengi wa watoto hao ama hawakumwambia mtu, ama walimwambia rafiki wa rika lao. Waliofika polisi au kupiga simu ya msaada walikuwa wachache mno. Silaha ya huyu mtu ni aibu ya mtoto na hofu yake kwa mzazi, na hiyo ya pili tunamwazima sisi. Hata McCartney hakunaswa na mitambo peke yake. Msichana mmoja wa Scotland alizungumza, na polisi wakafuata uzi.

Basi sema maneno machache. "Nimefurahi umeniambia." (Hata kama hukuambiwa ila umegundua, sema "nimefurahi nimejua".) "Kosa ni la aliyekufanyia." Halafu nyamaza usikilize. Usimuulize "kwa nini ulimtumia?" usiku ule, swali hilo halina jibu, lina machozi tu. Simu ichukue kwa sababu ni ushahidi, umweleze hivyo, na kama unaweza mpe nyingine, hata ya tochi. Simu isiondoke kwa sura ya adhabu.

Na usimwache alale peke yake usiku huo. Nalisema hili kwa uzito wote.

Mimi nina miaka 15. Kuna mtu ana picha zangu, anasema atazituma kwa wazazi na shule nzima. Nifanyeje?

Mdogo wangu, kwanza pumua. Jambo hili limewapata wengi, na lina mwisho.

Usimtumie picha nyingine hata moja, wala pesa. Usibishane naye. Usifute mazungumzo hata kama unayaonea aibu, kwa sababu humo ndimo alimojifunga mwenyewe. Piga picha ya skrini ya vitisho vyake, jina la akaunti, namba ya simu, na namba yoyote aliyotaka uitumie hela. Kama ni akaunti ya mtandao wa kijamii, nakili pia anwani ya ukurasa wake, kwa sababu jina hubadilishwa kwa sekunde. Zile picha zako mwenyewe usizinakili wala kumpelekea mtu kama ushahidi; ziache zilipo, polisi watazikuta. Ukimaliza, ripoti akaunti kwenye mtandao husika, ndipo umzuie.

Kisha mwambie mtu mzima mmoja. Si lazima awe mama au baba kama unaogopa sana. Shangazi, mwalimu wa malezi, bibi. Au piga 116, ni bure, Tanzania na Kenya pia, na wanaopokea wamezoea kusikia haya. Hutakuwa wa kwanza wala wa mia.

Kuna pia huduma iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa 2023 na kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, NCMEC. Ni bure na hutaji jina. Picha yako haiondoki kwenye simu. Kinachotumwa ni alama ya kipekee iliyotengenezwa kutokana na picha, mfano wa alama ya kidole. Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat na baadhi ya mitandao mingine huitumia alama hiyo kuitafuta picha na kuiondoa. Haifanyi kazi ndani ya mazungumzo yaliyofungwa kwa usimbaji kama ya WhatsApp, kwa hiyo isikufanye uache kuripoti.

Nikimlipa kidogo si ataacha?

Haachi. Umemwonyesha kuwa unalipa.

Watoto wa kiume nao?

Sana, na kwao mchezo huwa wa pesa. Msichana mzuri anaomba urafiki, anatuma picha yake kwanza, anaomba ya kijana, na ndani ya dakika chache anageuka kuwa genge linalodai hela. Machi 2022 kijana wa miaka 17 wa Michigan, Marekani, alijiua saa chache baada ya kutishiwa hivyo. Waliokuwa nyuma ya "msichana" huyo walikuwa ndugu wawili wa Lagos, Nigeria. Walipelekwa Marekani na Septemba 2024 kila mmoja akafungwa miaka 17 na nusu. Kwa hiyo mpaka wa nchi si kinga kwa mkosaji kama anavyodhani.

Sisi kwetu kuna mzigo wa ziada. Mvulana akisema ameguswa au ametishiwa anaambiwa "wewe si mwanaume?" Wengine wanachekwa kabisa, hasa aliyewarubuni akiwa mwanamke mtu mzima. Hakuna cha kucheka hapo.

Binti anayenisaidia kazi za nyumbani ana miaka 16. Je, ananihusu?

Nashukuru kwa aliyeuliza, kwani swali hili huulizwa mara chache. Chini ya miaka 18 ni mtoto, awe wa kwako au wa watu. Na huyu binti ndiye aliye peke yake kuliko wote nyumbani: yuko mbali na mama yake, simu ndiyo kampani yake, na anayemwita mrembo usiku anaweza kuwa mtu wa kwanza kumsifu mwaka mzima. Mazungumzo unayofanya na wanao, mkalishe naye awemo. Anayemtumia ujumbe akiwa ni baba mwenye nyumba, maneno ya ukurasa huu hayabadiliki.

Picha si yake, imetengenezwa kwa kompyuta. Bado ni kosa?

Ripoti vile vile. Siku hizi mtu anachukua picha ya mahafali ya darasa la saba na programu ya akili mnemba (Kenya wengi husema akili unde) inamvua mtoto nguo. Mtoto hakutuma chochote na aibu ni ile ile. Take It Down hupokea na hizi. Mwamini mtoto anaposema "hiyo si mimi", na angalia upya picha unazoweka wewe mwenyewe: sare yenye jina la shule, akaunti iliyo wazi kwa dunia nzima.

Sheria inasemaje?

Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilipotungwa iliweka kifungo kisichopungua miaka 7, au faini isiyopungua shilingi milioni 50, au vyote viwili, kwa anayesambaza picha za ngono za mtoto. Kenya, sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018 inafika hadi kifungo cha miaka 25 au faini ya shilingi milioni 20 za huko, au vyote. Wakikutana ana kwa ana na kitendo kikafanyika, sheria za makosa ya kujamiiana ndizo zinazoshika: Kenya, aliyemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 hupata kifungo kisichopungua miaka 20.

"Lakini alikubali mwenyewe." Mtoto hana ridhaa ya kumpa mtu mzima katika hili.

Ndugu wanasema yamalizwe kifamilia. Jamaa ameahidi kulipa.

Hiki ndicho kikao kinachonikosesha usingizi. Wazee wanakaa, soda zinaletwa, mtu anatoa laki tatu au mbuzi, wote wanapeana mikono. Mtoto hakuitwa. Yule jamaa anarudi mtaani akijua bei, na simu yake bado ina picha zile zile.

Hili ni kosa la jinai, na familia haina uwezo wa kulisamehe kwa niaba ya watoto wengine walio kwenye simu hiyo. Tanzania nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa kata. Kama mtoto aliguswa mwilini, chukua fomu ya polisi ya PF3 na umfikishe hospitali mapema. Asioge kwanza wala nguo zisifuliwe. Hali ikiwa mbaya tangulia hospitali, fomu itafuata. Kenya, afisa wa watoto, polisi au DCI (idara ya upelelezi wa makosa ya jinai), ambao wana kitengo cha kulinda watoto. Fomu yao ni P3. Ukizungushwa dirisha hili hadi lile, na inatokea, rudi na mtu. Andika jina la aliyekupokea na tarehe, na uombe namba ya jalada.

Kwenye grupu la WhatsApp wameleta video ya mtoto, wanasema "sambaza hadi mhalifu akamatwe". Nisambaze?

Usisambaze. Nia yako njema haibadilishi kilichomo kwenye video. Kila anayeituma anamdhalilisha mtoto yule mara nyingine, na kisheria nawe umekuwa msambazaji. Ripoti ujumbe ndani ya WhatsApp, mpe polisi jina la grupu na namba ya aliyeileta, kisha ifute kwenye simu yako. Mwambie na msimamizi wa grupu. Atanuna.

Kuna mipangilio gani ya kuweka leo?

TikTok na Instagram: akaunti iwe ya faragha, na ujumbe upokelewe kutoka kwa marafiki tu. Instagram tangu Septemba 2024 ilianza kuwawekea walio chini ya miaka 18 akaunti za vijana zilizofungwa zenyewe, lakini inategemea mtoto ameandika mwaka gani wa kuzaliwa, na wengi wamejiongezea miaka. Angalia hilo kwanza. WhatsApp: ingia kwenye faragha, kisha magrupu, chagua walio kwenye orodha yake ya namba tu ndio wamwongeze. Simu ya Android ya mtoto mdogo, weka Family Link ya Google. Kwenye gemu, zima mazungumzo ya sauti na wageni. Wazazi wengi hawajui kuwa gemu lina mlango wa maongezi. Zima na utambulisho wa mahali kwenye kamera.

Mimi sijui haya mambo ya simu kabisa.

Mwombe mwanao akufundishe TikTok. Jumapili moja, saa nzima. Atacheka, utaona anachokiona, na utamjua anayemsifu kwenye maoni.

Nikipiga 116 itakuwaje?

Inapokelewa saa ishirini na nne, bila salio. Utaulizwa mtoto ana umri gani, yuko wapi, na je, yuko salama kwa sasa. Jina lako si lazima ulitaje. Wakiona kuna hatari watawahusisha ustawi wa jamii au polisi wa eneo lako, na watakueleza hatua inayofuata. Mtoto naye anaweza kupiga mwenyewe, hata kwa simu ya kuazima, hata kwa kunong'ona kutoka chooni. Wengine hupiga, wakanyamaza, wakakata. Wakipiga tena hawaulizwi kwa nini walikata.